Sauti ya tiki-tiki nyuma ya dashibodi ya Corolla ya 1990: nianzie wapi kuitafuta?

Mkazi wa Ngamiani

Ndugu zangu, salaam. Ninaendesha Toyota Corolla EE90 ya mwaka 1990, yenye injini ya 2E ya cc 1,300 na gia tano za mkono. Tangu mvua za masika zilipokwisha imeanza kutoa sauti nyuma ya dashibodi, upande wa dereva, na sauti hiyo inanisumbua akili kwa sababu sijui kama ni ya kupuuzwa au ni dalili ya jambo kubwa linalokuja.

Kwa kawaida husikika kitu kikigonga kwa mpigo sawa, tiki, tiki, tiki, na mara nyingine mpigo huo hugeuka mlio mwembamba wa kukereza, hasa ninapoongeza mwendo kutoka taratibu. Alfajiri, nikitoka nyumbani kwenda kazini Pongwe, hapa Tanga, husikika waziwazi. Jua likishapanda hupungua, ingawa haiishi kabisa. Nimetoa kila kitu kilichokuwa kwenye droo ya dashibodi, nimebana redio ambayo ilikuwa imelegea, nimeangalia chini ya usukani kwa tochi, na sauti bado ipo palepale. Kwenye barabara mbovu husikika pia mtikisiko wa plastiki, lakini huo nimeuzoea na sina hakika kama una uhusiano wowote na hii tiki-tiki.

Fundi mmoja niliyempelekea alisikiliza kidogo, akasema dawa ni kushusha dashibodi nzima. Hapo ndipo ninaposita. Plastiki ya gari la umri huu imekauka kwa jua la pwani, klipu zake huvunjika kwa kuguswa tu, na naona kuishusha dashibodi kwa ajili ya sauti ambayo hakuna aliyeitambua ni kujitafutia sauti nyingine mpya. Je, kuna njia ya kujua inatoka wapi kabla ya kufungua chochote? Niongeze jambo moja ambalo labda halihusiki: mshale wa spidi siku hizi hutikisika nikiwa kati ya kilometa 30 na 50 kwa saa, kisha hutulia nikikimbia zaidi.

Fundi wa Chumbageni

Ndugu yangu, usiishushe dashibodi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimepokea magari mengi ambayo yalishushwa dashibodi bila uchunguzi, yakarudishwa yakiwa na skrubu pungufu na nyaya zilizobanwa vibaya, na ile sauti iliyotafutwa ikiwa ingali ndani. Sauti ya nyuma ya dashibodi hutafutwa kwa masikio kabla ya bisibisi, na swali la kwanza si inatoka wapi. Swali la kwanza ni inafuata nini. Nyuma ya ile plastiki kuna vitu vinavyofuata mwendo wa magurudumu, vingine vinafuata mzunguko wa injini, vingine feni ya hewa, vingine mashimo ya barabara, vingine joto la jua, na vingine mkono wako kwenye usukani. Ukishajua sauti yako inafuata kipi kati ya hivyo, umeshaiondoa sehemu kubwa ya dashibodi mashakani na hujagusa skrubu hata moja.

Anza gari likiwa limesimama. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha pitisha feni ya hewa katika ngazi zake zote kuanzia ya chini hadi ya juu. Ikiwa sauti inakuja na feni na kuongezeka kasi nayo, tafuta upande wa abiria, kwa sababu kwenye Corolla hiyo feni imekaa nyuma ya droo, upande wa kushoto. Ikiwa feni haina kosa, izime, washa injini na uipandishe taratibu hadi kama mizunguko 2,500 kwa dakika huku gari limesimama. Kama sauti inatokea hapo, unatafuta kitu kinachoguswa na mtikisiko wa injini: mpira wa mauntini, yaani unaoshikilia injini, uliochoka, bomba linalogusa ukuta wa chuma ulio kati ya injini na chumba cha abiria, au shiti ya chuma ya ekzosi iliyolegea, ambayo sauti yake hupanda kupitia bodi hadi ukadhani iko mbele ya uso wako. Halafu zungusha usukani kushoto na kulia, usikilize kama kuna kinachokwaruza kwenye shingo yake.

Ikiwa yote hayo yako kimya, kama ninavyohisi yatakuwa kwa maelezo yako, tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, tambarare na kisicho na magari. Nenda 40, kanyaga klachi, weka gia huru, uache injini ishuke hadi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, huku gari likiendelea kuserereka. Usizime swichi kwa sababu yoyote ile, kwani injini ikizimika breki hupoteza msaada wa buta, kifaa kinachoziongezea nguvu, na usukani unaweza kujifunga. Kama mpigo umeshuka pamoja na injini, tatizo liko upande wa injini. Kama mpigo umeendelea na unapungua tu kadiri gari linavyopungua mwendo, basi sauti yako inafuata magurudumu, na nyuma ya dashibodi ya gari hilo kuna kitu kimoja tu kinachofuata magurudumu: kebo ya spidi, inayozungushwa kutoka kwenye giaboksi, pamoja na mashine ya mita inayozungushwa nayo. Na hapo, ndugu yangu, ule mshale unaotikisika, ambao uliutaja mwishoni na kwa kusitasita, ndio uliopaswa kutangulia.

Usifanye jaribio la barabarani peke yako. Chukua mtu akae kiti cha abiria na kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa kama mita moja, ncha moja aiweke sikioni na nyingine aipitishe taratibu kwenye dashibodi, kutoka kwenye mita kwenda chini ya usukani, kisha katikati. Mpira huo huziba kelele za pembeni, na mahali sauti inapokuwa kali ghafla ndipo penyewe. Wewe kazi yako ni barabara.

Dereva wa Muheza

Namuunga mkono fundi, lakini nisingependa feni ipitwe haraka, maana mwuliza swali ametaja mvua za masika. Magari mengi ya wakati ule hayakuwa na chujio la hewa ya ndani. Hewa huingia kupitia matundu yaliyo chini ya waipa, na kama wavu wake umeoza au umevunjika, kila kinachodondoka juu ya kioo cha mbele kina njia ya kufika kwenye feni. Huku kwetu watu huegesha chini ya mwarobaini au mkungu kwa ajili ya kivuli. Majani ya mwarobaini ni madogo na vijiti vyake vikikauka hupenya popote. Kijiti kimoja kikikaa kati ya mapezi ya feni na ganda lake, utasikia mpigo ambao mtu yeyote ataapa kuwa kuna gia imevunjika.

Dalili yake nyingine ni kwamba sauti hubadilika ukikata kona, kwa kuwa taka zinahama ndani ya ganda. Kwenye magari mengi ya aina hiyo feni yenyewe inashikwa na skrubu tatu kutokea chini. Ukitoa droo na plagi ya umeme, inashuka mkononi. Nimewahi kutoa humo magamba ya mbegu, manyoya, na kiota cha panya kilichokuwa kimeanza kutafuna sponji. Huyo panya si wa kudharauliwa, kwani akimaliza sponji huhamia kwenye nyaya.

Kwa hiyo jaribu feni kwa utulivu, ukiizima na kuiwasha gari likiwa katika mwendo pia, kabla ya kukubali kwamba ni kebo.

Mkazi wa Ngamiani

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimefuata utaratibu kama ulivyoelezwa, nikiwa na mdogo wangu ndani ya gari. Feni haina tatizo katika ngazi zote, gari likiwa limesimama na likiwa linatembea. Injini nikiipandisha gari likiwa limesimama, kimya. Usukani kimya. Tulikwenda Raskazone asubuhi mapema, barabara ikiwa tupu, na nilipoweka gia huru mpigo uliendelea vilevile, ukawa unapungua kwa kadiri gari lilivyopungua, hadi likasimama nao ukasimama. Mdogo wangu kwa kutumia mpira anasema sauti ni kali zaidi nyuma ya mita, na kwamba ule mlio mwembamba anausikia hapohapo, ila tiki-tiki huisikia pia chini, karibu na mahali panapopita pedali ya klachi.

Swali langu sasa ni moja. Ninawezaje kuwa na hakika kwamba ni kebo, na si tairi au joint ya eksili, yaani kiungo cha mhimili unaozungusha gurudumu, ambayo sauti yake inapanda hadi kwenye mita? Nauliza kwa sababu kebo ikibadilishwa na sauti ikabaki, nitakuwa nimepoteza fedha, na kama ni joint, nitakuwa nimepuuza jambo la hatari.

Fundi wa Chumbageni

Umeuliza swali zuri, na wengi hawalifikirii. Tuanze na hesabu. Kwenye magari ya Japani ya aina hii, mita hutengenezwa kwa kipimo cha mizunguko 637 ya kebo kwa kila kilometa moja. Maana yake ni kwamba ukienda 60, kebo inazunguka mara 637 kwa dakika, na ukienda 20 inazunguka kama mara tatu na nusu kwa sekunde, mwendo ambao sikio linaweza kuuhesabu. Tairi la inchi 13 la gari lako lina mzingo wa karibu mita 1.8, kwa hiyo huzunguka kama mara 560 kwa kilometa, yaani kama mara tatu kwa sekunde ukiwa kwenye 20 hiyohiyo. Ukihesabu kwa sekunde kumi, kebo itakupa mipigo kama 35 na tairi itakupa kama 31. Tofauti ipo, lakini ni ndogo mno kwa mtu anayehesabu kwa masikio, kwenye gari lenye mita ambayo mshale wake unacheza. Ndiyo maana hesabu peke yake haitoshi kutoa hukumu, na ndiyo maana watu hubadilisha beringi ambazo hazijaharibika wakitafuta sauti ya kebo.

Kinachotoa hukumu ni kuifungua kebo upande wa giaboksi. Fungua boneti ukiwa umezima injini na imepoa, fuata kebo nyeusi inayotoka kwenye ukuta wa chuma kushuka hadi kwenye giaboksi, safisha vumbi la mahali inapoingia ili lisidondoke ndani, kisha ichomoe na uifunge ncha yake kwa mfuko safi, ukiining'iniza mbali na ekzosi na mikanda. Ziba pia tundu lililobaki kwenye giaboksi. Halafu zunguka na gari mtaani kwa mwendo mdogo, kwenye barabara tulivu, ukikumbuka kwamba sasa huna spidi wala hesabu ya kilometa, na urudi. Kama tiki-tiki na mlio vimekufa vyote, kesi imekwisha. Kama mpigo umebaki, pandisha gari juu ukague joint za eksili, buti zake, beringi, na hata mawe yaliyonasa kwenye kashata za tairi.

Nieleze kwa nini naishuku kebo kiasi hiki. Ndani ya ganda lake jeusi kuna uzi wa chuma uliosokotwa kwa tabaka, na uzi huo ndio unaozunguka. Grisi ikikauka, au unyevu wenye chumvi ukiingia, uzi hushika mahali fulani, hujisokota kidogo, kisha huachia kwa nguvu. Kila unapoachia, hupiga ukuta wa ganda, na huo ndio mpigo wako. Na kwa kuwa unaachia kwa mikupuo, sumaku iliyo kwenye mita haizunguki kwa ulaini, na mshale hutikisika. Ukienda kasi zaidi uzi hauna nafasi ya kushika na kuachia, ndipo mshale unapotulia kama ulivyoeleza. Alfajiri grisi iliyozeeka ni nzito, mchana hulainika. Dalili zako zote zinakaa kwenye maelezo hayo.

Ikithibitika ni kebo, fungua fremu ya mita. Kwa kawaida skrubu zake ziko upande wa juu, zinatazama chini. Mita yenyewe ina skrubu chache pembeni. Tenganisha betri kwanza, upande wa hasi. Usiivute mita kwa nguvu, kwani nyuma yake kuna saketi iliyochapwa kwenye karatasi laini ya plastiki. Ikichanika, taa za mita zitakusumbua kuliko sauti ilivyokusumbua. Kwa kuwa umeshaiachia kebo upande wa giaboksi, itakubali kusogea, na utaingiza vidole nyuma ya mita, ubonyeze kishikio cha plastiki, itoke.

Kwenye kebo nyingi uzi wa ndani hutoka kwa kuvutwa. Uvute taratibu, uufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uukaushe, kisha uulaze juu ya meza ya kioo na kuuviringisha kwa viganja. Uzi mzima huviringika kwa ulaini. Wenye kipindo huruka mahali palepale kila ukizunguka. Pitisha pia vidole kwa uangalifu, ukitafuta nyuzi zilizokatika, maana huchoma. Ukiona kipindo au nyuzi zilizokatika, usipoteze grisi, tafuta kebo nyingine. Ukiwa mzima, upake grisi nyepesi ya lithiamu kwa tabaka jembamba, na sentimita 15 za mwisho upande wa mita uziache kavu. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa sababu kebo inayozunguka hupandisha grisi, na grisi ikifika kwenye mita huingia kati ya sumaku na kikombe cha alumini kinachosogeza mshale. Vitu hivyo viwili havipaswi kugusana kabisa. Kikombe huvutwa na nguvu ya sumaku inayozunguka bila kuguswa, ufundi ambao Mjerumani Otto Schulze aliupatia hataza mwaka 1902 na ambao ulitumika kwenye magari kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Grisi ikiingia hapo, mshale utakudanganya.

Ule mlio mwembamba anaousikia mdogo wako nyuma ya mita unaweza kuwa ni wa bushi ya mita yenyewe. Tone moja la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano, linatosha. Usiongeze la pili.

Mwalimu wa Bagamoyo

Fundi, shikamoo. Nimefuatilia mazungumzo haya kwa makini kwa sababu gari langu, Corolla AE110 ya mwaka 1998, nalo lina sauti nyuma ya dashibodi, ingawa ni ya namna tofauti kabisa: nikiwasha asubuhi nasikia maji yakitiririka nyuma ya redio kwa muda mfupi, kisha yananyamaza. Halina tone la maji kwenye zulia. Je, nami nifuate njia hiyohiyo ya kufungua mita?

Fundi wa Chumbageni

Marahaba, mwalimu. Hapana, usifungue mita, na tafadhali usifungue chochote karibu na usukani. Magari mengi ya umri wa hilo lako yana mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, na pengine wa abiria. Nyaya zake kwa kawaida hubebwa na plagi za rangi ya njano. Toyota huelekeza kwamba kabla ya kazi yoyote karibu na mfuko huo betri itenganishwe upande wa hasi na kusubiriwa kwa sekunde 90 au zaidi, kwa sababu mfumo una akiba ya umeme inayoweza kuulipua hata betri ikiwa imetolewa. Ndugu yetu wa Ngamiani anapona kwa kuwa gari lake ni la zamani zaidi, lakini na yeye ahakikishe kwa kuangalia kama usukani wake umeandikwa SRS, herufi zinazoonyesha kuwa kuna mfuko wa hewa.

Sauti yako, mwalimu, ni hewa ndani ya rejeta ndogo ya hita, ambayo iko katikati nyuma ya dashibodi na hupitisha maji yaleyale ya kupoza injini. Hewa huingia pale maji yanapopungua. Subiri injini ipoe kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla hujaiwasha, ndipo ufungue kofia ya rejeta na kutazama; kamwe usiifungue ikiwa ya moto. Ongeza kulenti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, usiongeze maji ya bomba, kwani kutu inayotokana nayo ndiyo inayoziba rejeta hiyo ndogo. Kama yamepungua mara moja, pengine kofia au mpira fulani unavuja kidogo. Kama yanapungua tena na tena na huoni yanapokwenda, lipeleke kwa fundi mapema akakague gasketi ya silinda hedi, yaani ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, maana hedi ya aluminiamu inaweza kupinda injini ikichemka hata mara moja. Katika sauti zote za nyuma ya dashibodi, hiyo ndiyo nisiyoruhusu mtu kuiahirisha.

Dereva wa Muheza

Kuhusu ule mtikisiko wa plastiki ambao ndugu yetu amesema ameuzoea: kwa kuwa mita itafunguliwa, asiiache nafasi hiyo ipite. Aangalie mahali plastiki mbili zinapogusana, palipong'aa kwa kusuguana, kwani hapo ndipo panapolia. Watu wengi huweka vipande vya sponji ya godoro, nami nashauri visitumike, kwa sababu hunyonya unyevu wa pwani na baadaye huwa unga unaoingia kwenye swichi. Ndala kuukuu iliyokatwa vipande vyembamba hudumu zaidi, haishiki maji, na inakaa vizuri ikibandikwa kwa gundi kidogo. Gari ninalolipandisha Amani kwa barabara ya vumbi nimelitengeneza hivyo na limetulia.

Mkazi wa Ngamiani

Ndugu zangu, narudi na majibu. Nilichomoa kebo upande wa giaboksi, nikazunguka mitaa ya Ngamiani taratibu, na gari lilikuwa kimya kiasi kwamba nilianza kusikia saa ya dashibodi. Tiki-tiki haikuwepo, na mlio haukuwepo. Nilipofungua mita na kuvuta uzi wa ndani, sehemu ya juu ilitoka kavu, yenye unga wa kutu mwekundu uliobaki kwenye vidole. Juu ya kioo uliruka mahali pamoja, na nilipolinganisha urefu nikaona kipindo hicho kinakaa pale kebo inapopenya ukuta wa chuma juu ya pedali ya klachi, mahali ambapo mdogo wangu alisema sauti inasikika kwa chini. Ule mpira wa kuzibia tundu haupo, na kebo ilikuwa imekunjwa vibaya na waya wa kengele ya wizi uliofungwa juu yake na fundi fulani miaka iliyopita.

Jambo moja limenishangaza. Sehemu ya chini ya uzi, kama robo yake, haikuwa kavu hata kidogo. Imelowa mafuta mepesi yenye harufu kali, na ganda nalo limelowa kwa ndani. Mimi sikuwahi kupaka kitu. Je, niununue uzi peke yake au kebo nzima, na mafuta hayo yana maana gani?

Fundi wa Chumbageni

Nunua kebo nzima, kwa sababu ganda lililokunjwa litaupinda uzi mpya kama lilivyoupinda wa zamani. Nenda dukani na ya zamani mkononi, ulinganishe urefu, umbo la ncha zote mbili na kishikio cha upande wa mita, kwani kebo za Corolla za gia za mkono na za otomatiki zinaweza kufanana kwa macho na zisikae. Ukiifunga, usiiruhusu ipinde kwa upinde mkali. Nusu kipenyo cha kona yoyote kisipungue sentimita 15. Ule waya wa kengele uhamishe, na uweke mpira mpya kwenye tundu la ukuta, kwa sababu tundu hilo ndilo lililokuwa linaingiza maji ya mvua na vumbi hadi kwenye kebo.

Mafuta uliyoyaona ni ya giaboksi. Kigia kidogo kinachozungusha kebo kina sili yake, yaani mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, na sili hiyo imechoka, kwa hiyo uzi unapozunguka unayapandisha mafuta kidogo kidogo kuelekea juu. Ukifunga kebo mpya bila kubadilisha sili, baada ya muda mafuta yatafika kwenye mita, na hiyo kazi yote utairudia. Sili ni kitu kidogo na cha bei nafuu. Kigia hutolewa kwa kufungua bolti moja pale kebo inapoingia. Ukishamaliza, simamisha gari mahali tambarare, fungua bolti ya kujazia mafuta ubavuni mwa giaboksi, na uingize kidole. Mafuta yanapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu hilo. Kwa muda ambao sili imekuwa ikivuja bila kuonekana, sitashangaa ukikuta yamepungua, na kama yamepungua ongeza ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hadi yaanze kutoka yenyewe, ndipo ufunge.